Baba ana Parkinson. Tuliyopaswa kuambiwa siku ya kwanza tumeyajua baada ya kuumia. Wenye wagonjwa na wagonjwa wenyewe, karibuni

BintiFundi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Mimi humu huwa nasoma tu, leo nimeamua kuandika. Ni ndefu, mnivumilie.

Baba yangu ni fundi cherehani, Mwanga mjini. Ameshona tangu kabla sijazaliwa: suti za harusi, sare za shule, kanzu. Mwaka 2018 alianza kulalamika bega la kulia. Tukalihangaikia bega mwaka mzima, dawa za kuchua, sindano, mtu wa kukanda. Ukafuata mguu wa kulia kuburuta ndala. Kisha mkono ukaanza kutetemeka akiwa amekaa tu, kauweka mapajani. Akishika mkasi unatulia. Ndiyo maana wateja hawakuona kitu, na sisi nyumbani tukasema ni uchovu.

Mwaka 2020 tukafika kwa daktari bingwa. Hospitali siitaji. Alimpima vizuri, hapo sina neno. Akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, afumbe na kufumbua ngumi, atembee ukumbini aende arudi, akamkunja na kumkunjua kiwiko. Halafu akaandika dawa, akanigeukia mimi, akasema: "Mzee ana Parkinson. Hauponi, ila dawa zipo. Mrudi baada ya miezi mitatu."

Baba alikuwa kiti cha pembeni, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia yeye neno. Kwenye basi akaniuliza, "Amesemaje?" Nikamjibu, "Ni mishipa, baba."

Nilijua namhurumia. Akakaa mwaka mzima hajui anaumwa nini. Siku moja akachukua kadi yake ya kliniki, akamwonyesha mteja, kijana wa chuo aliyefuata suruali yake, akamwambia hebu nisomee hapa. Kijana akaandika lile neno kwenye simu. Jioni nilipopiga kusalimia, baba akaniambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, ugonjwa wangu nimeusoma kwenye simu ya mteja." Hakugomba. Mpaka leo hajawahi kunigombeza kwa hilo, na ndilo linaloniuma zaidi.

Jambo la pili ni vidonge. Pakiti iliandikwa kimoja mara tatu kwa siku, basi. Baba akawa anavinywa kama dawa nyingine zote, asubuhi na chai ya maziwa, mchana na wali maharage, usiku na chakula cha usiku. Siku nyingine vinafanya kazi mpaka anashona, siku nyingine ni kama kameza unga. Tukaanza kusema dawa ni feki. Tukabadilisha maduka. Miezi minane hivyo, mpaka mfamasia mmoja wa Moshi, binti mdogo tu, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Anavinywa na nini, na saa ngapi?"

La tatu ndilo lililonitoa machozi. Mwaka 2022 alishikwa na malaria, akatapika sana, akalazwa. Akachomwa sindano ya kuzuia kutapika. Usiku ule baba yangu akawa gogo. Hageuki kitandani, hamezi mate, macho yamekodoa. Mama alishaanza kuita ndugu. Siku ya pili daktari kijana, bado yuko mafunzoni, akaomba kuona dawa zote anazotumia nyumbani. Akaziangalia, akaangalia faili, akasema ile sindano haikumfaa mtu mwenye Parkinson. Ikasitishwa, na siku zilizofuata akarudi kidogo kidogo. Hiyo habari ingeweza kuandikwa kwenye kadi kwa mstari mmoja.

Swali langu kwenu, wenye wagonjwa na hasa nyinyi mnaougua: ni kitu gani mlihitaji kujua hamkuambiwa? Na mlikijua kwa nani? Nataka nikusanye niandike karatasi moja ya Kiswahili, nimpe kila nitakayekutana naye foleni ya kliniki anayeanza.

Kijana wa Same

Pole sana dada. Nafuatilia huu uzi, baba mdogo naye bega halijapona mwaka wa pili huu na sasa naanza kuogopa.

NesiMstaafu

Binti, pole na hongera kwa kuleta jambo hili. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na nne, mingi huko huko Kilimanjaro, zahanati na wodini. Nitasema ninachokijua.

Kwanza huyo wa Same: si kila bega ni Parkinson, usimtishe mzee. Mtazame mambo mengine. Mkono wa upande huo haupepei akitembea? Amekuwa mzito kufunga vifungo? Sauti imeshuka? Uso hauchangamki hata akifurahi? Choo kigumu cha muda mrefu, pua haisikii harufu ya kitunguu kikikaangwa, usiku anapiga mateke na kupiga kelele usingizini? Mengi ya hayo huanza miaka kabla ya kutetemeka, na wapo wasiotetemeka kabisa. Mkiona mawili matatu pamoja, mpelekeni akapimwe. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kawaida inayousema wazi. Daktari anautambua kwa kumtazama na kumshika, kama alivyopimwa baba yake huyu binti.

Kinachotokea ni kwamba ndani ya ubongo, chini huko, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi inayotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo inayolainisha mwendo wa mwili. Chembe zile zinakufa polepole, na dalili za mwili zinapoonekana wazi nyingi zimeshakwenda. Hauambukizi. Walio wengi hawakurithi. Si laana, si uchawi, wala si "uzee tu".

Hilo la uzee naomba nilikazie. Wilaya ya Hai watafiti walipita nyumba kwa nyumba, kwenye watu wapatao 161,000, matokeo yakatoka 2008. Walipata wagonjwa 33. Zaidi ya robo tatu ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huu. Wengine jina walilokuwa nalo ni "ugonjwa wa kutetemeka", na familia zinawahudumia bila kujua kuna vidonge. Kwa hiyo baba yako pamoja na yote yaliyompata alikuwa na bahati kuliko wengi: alipata jina.

Sasa dawa. Iliyo mama ya zote ni levodopa ikichanganywa na kabidopa. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini nenda duka la dawa muhimu la kijijini uone kama ipo. Levodopa inafyonzwa utumbo mdogo, na inagombea njia moja na protini ya chakula. Maziwa, maharage, nyama, mayai, dagaa, vyote vinaichelewesha au kuipunguza. Kwa hiyo inywewe na maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja mpaka mbili baada ya kula. Anayeanza na kusikia kichefuchefu aruhusiwe kipande cha mkate mkavu au ndizi, si glasi ya maziwa. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma navyo vikae mbali nayo saa mbili. Simaanishi mzee aache maharage, la hasha, atakonda. Ni kupanga saa tu.

Na msiache dawa hii ghafla hata siku moja, eti imeisha tutanunua mwisho wa mwezi. Mwili unaweza kukakamaa vibaya na homa kali ikapanda, hiyo inaua. Pakiti ikibaki na vidonge vya wiki mbili, anzeni kutafuta.

Nitarudi kuandika juu ya zile sindano.

BintiFundi

Shikamoo mama. Nakushukuru mno. Hayo ya vidonge vya damu ndiyo nayasikia leo, na mzee aliwahi kuandikiwa.

MwanaUnguja

Assalaam aleikum. Kwetu tatizo lilikuja Ramadhani. Mama anameza vidonge mara nne kwa siku. Mwaka wa kwanza hakutaka kusikia habari ya kula mchana, akala daku, akameza kimoja, akasubiri magharibi. Hiyo ni zaidi ya saa kumi na tatu bila dawa. Ikifika adhuhuri hawezi kuinuka kwenye mkeka wa kuswalia, tunamwinua watu wawili, na yeye analia kwa haya.

Hakuna daktari aliyetuuliza kama anafunga, na sisi hatukujua kama ni la kumwuliza daktari. Mwaka uliofuata tulikwenda kwanza kwa daktari mwezi wa Rajabu, kisha kwa sheikh wetu. Sheikh akakaa naye barazani, akamsomea aya za Suratul Baqara zinazompa mgonjwa ruhusa, akamweleza fidia. Kwa mdomo wa sheikh alikubali. Kwa mdomo wangu asingekubali maisha. Kwa hiyo dada, kwenye karatasi yako andika na hilo: waulizeni kabla ya mwezi kuandama, na mjue mgonjwa wenu anamsikiliza nani.

Arobaini na Moja

Sijawahi kuandika haya popote. Mimi si mtunza mgonjwa, mgonjwa ni mimi. Nina miaka 41, mwanamke, nafanya kazi ofisini, watoto watatu, wa mwisho yuko la pili. Niligunduliwa nikiwa na 38.

Nasoma mnavyoandika "wazee wetu" na nawaelewa, wengi kweli ni wazee. Lakini siku niliyoambiwa, kila karatasi na kila picha niliyokutana nayo ilikuwa ya babu aliyepinda mgongo na fimbo. Nililala usiku nikijiona ni yule. Sikuhitaji kuambiwa mwisho wa safari siku ile. Nilihitaji vitu vitatu: nitaendelea na kazi? Watoto wangu nao wataupata? Nimwambie nani?

Daktari wangu wa pili ndiye aliyejibu. Alisema ugonjwa huu hauendi mwendo mmoja kwa watu wote, wapo wanaofanya kazi miaka mingi, na anayeanza mapema mara nyingi unakwenda polepole kuliko anayeanza na miaka sabini na tano. Kuhusu watoto, akasema wapo wachache wenye aina ya kurithi, hasa wanaoanza umri mdogo, lakini uwezekano mkubwa watoto wangu hawataupata. Akaniambia habari ya Michael J. Fox, yule mwigizaji wa Marekani, aligunduliwa 1991 akiwa na miaka 29 na akaendelea kufanya kazi miaka mingi. Nilitoka pale nikanunua samaki, nikapika. Wiki mbili nilikuwa sijapika.

La kazini sijalimaliza. Bosi hajui. Wenzangu wanadhani nina maringo kwa sababu uso hautabasamu kama zamani.

BintiFundi, naomba kwenye karatasi yako uweke kurasa mbili, si moja. Ya siku ya kwanza, na ya baadaye. Mtu aifungue ya pili akiwa tayari mwenyewe.

BintiFundi

Dada yangu, nimesoma mara tatu. Pole, na asante kwa kutuamini. Zitakuwa mbili.

NesiMstaafu

Huyo wa arobaini na moja, mwanangu, umenifundisha. Kwa miaka yote kazini sikuwahi kuuliza mgonjwa, "Unataka kujua kiasi gani leo?" Tulimwambia yote au tulimwambia mwanawe.

Nilisema nitarudi kwenye sindano. Dopamini ndiyo mgonjwa wa Parkinson anapungukiwa. Zipo dawa ambazo kazi yake ni kuizuia hiyo hiyo dopamini. Ya kwanza ni metoklopramidi, wengi mnaijua kwa jina la Plasil, ndiyo ya kuzuia kutapika iliyo kila wodi. Nyingine ni zile za kumtuliza mtu aliyechanganyikiwa: haloperidoli, na kloropromazini mnayoijua kama Largactil. Dawa hizo hata mtu asiye na Parkinson akizitumia sana anaweza kupata mtetemo na kukakamaa kama mwenye Parkinson, na akiachishwa mara nyingi hupona. Kwa hiyo mnapompeleka mtu kupimwa, bebeni dawa zote anazokunywa.

Kwa kutapika kuna domperidoni, ambayo haiingii sana kwenye ubongo, ila mwenye matatizo ya moyo daktari aangalie kwanza. Msimwambie daktari usimchome sindano kwa ukali, mtagombana bure. Mpeni kadi. Iwe na jina la ugonjwa, vidonge na saa zake, na mstari wa dawa zisizomfaa. Iandikwe na daktari wake mwenyewe na igongwe muhuri. Kadi yenye muhuri haibishiwi saa nane za usiku.

Kitu kimoja zaidi. Kuna dawa ya zamani iitwayo Artane, bado inatolewa sana kwa sababu inapatikana na bei yake ni nafuu. Inasaidia mtetemo. Lakini kwa mzee inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo, inavuruga kumbukumbu. Kama mzee ameanza kusahau tangu aanze dawa mpya, semeni.

Mama Nakuru

Poleni nyote. Mimi niko Nakuru, namtunza nyanya yangu. Kwake kilichotutisha si kutetemeka. Jioni alianza kuona watoto wamekaa kwenye kona ya sebule. Anawakaribisha chai. Tulimwita kasisi, tukaombea nyumba. Shangazi mmoja akasema ni mizimu ya ukoo, kukawa na maneno makali sana baina ya ndugu, mpaka leo wawili hawasalimiani.

Kumbe ni jambo linalojulikana. Linaweza kuletwa na ugonjwa wenyewe ukishakaa miaka, ama na dawa, ama hata na mkojo kuwa na maambukizi. Daktari alipunguza dawa moja na watoto wale wakapungua. Wangetuambia tu sentensi moja mwaka wa kwanza, "akianza kuona visivyoonekana, njooni", tusingegawanyika. Na kama Nesi alivyosema, haloperidoli ndiyo wangempa kama tungempeleka mahali wasipomjua.

Mkulima

Wakuu, mimi nauliza. Kijijini wanasema mbegu za upupu zinatibu huu ugonjwa. Ni kweli au ni maneno ya waganga?

Bwana Famasi

Mkulima, swali zuri, tusilipuuze. Mbegu za upupu kweli zina levodopa ndani yake, ile ile ya kwenye vidonge. Si hadithi, imepimwa na watafiti, na wapo wanaochunguza kama inaweza kuwasaidia wasiomudu vidonge. Lakini haitibu, inatuliza dalili kama vidonge vinavyotuliza. Shida yake ni kipimo. Mbegu za shamba hili na za shamba lile hazilingani, na hazina kabidopa inayopunguza kichefuchefu na kuisaidia dawa kufika ubongoni. Anayekunywa vidonge na upupu kwa siri anajizidishia: atatapika, presha itashuka akisimama aanguke, au mwili uanze kucheza wenyewe. Kama mtu ameshaanza kutumia, amwambie daktari wake bila aibu. Na daktari asimfokee, maana akimfokea mara moja hatasema tena.

Niongeze na hili, maana kwenye dirisha la famasi huwa tunalisahau. Zipo dawa nyingine za Parkinson, pramipeksoli mojawapo, ambazo kwa baadhi ya watu huamsha tamaa isiyozuilika: kubeti, kununua vitu ovyo, kula usiku, au tamaa ya ndoa kupita kiasi. Mtu mzima mwenye heshima zake anamaliza kiinua mgongo kwenye kubeti na familia inamwita mhuni. Ikitokea, mwambieni daktari, dawa ipunguzwe polepole.

Papa wa Lubumbashi

Mimi niko Lubumbashi. Papa wangu hakuelewa kitu mpaka tulipomwambia: ni ugonjwa wa Muhammad Ali. Alikuwa kijana mwaka 1974 Ali alipopigana na Foreman Kinshasa, hakuna anachokikumbuka kuliko kile. Ali aligunduliwa 1984, na 1996 akawasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mkono ukitetemeka dunia nzima ikimwona. Papa aliiangalia ile video, akanyamaza kitambo, akasema, "Basi na mimi nitakwenda sokoni." Alikuwa amejifungia miezi minne.

Kijana wa Same

Jamani na mambo ya benki je? Babu wa jirani yetu ana ugonjwa huu, pensheni yake imekwama sababu saini haifanani na ya zamani. Na hela ya kwenye simu hawezi kutoa, menyu inajifunga kabla hajamaliza kubonyeza.

Arobaini na Moja

Saini imenikuta. Nilikwenda na barua ya daktari na kitambulisho, nikaomba kubadilisha saini ya kumbukumbu nikiwa bado naweza kuandika. Waulizieni na utaratibu wa dole gumba. Muhimu aende wakati dawa imeshika, kwangu ni dakika arobaini hivi baada ya kumeza. Mambo yote ya mikono nayapanga saa hizo: saini, kusuka mtoto nywele, kupika. Nina daftari dogo naandika nimemeza saa ngapi, dawa imeshika saa ngapi, imekwisha saa ngapi. Daktari akiliona lile daftari anabadilisha saa za vidonge hapo hapo, hana haja ya kukisia.

BintiFundi

Umenikumbusha daftari. Wiki iliyopita nilikuwa Mwanga nikampangia baba kibanda. Ana makaunta buku ya vipimo vya wateja, kila mwaka lake. Kifua, kiuno, mabega, urefu wa mkono, yote kwa inchi. Nikayafungua moja moja. La 2014 mwandiko umejaa mstari, herufi zimesimama. La 2016 umeshuka nusu. La 2017 kila ukurasa unaanza na herufi za kawaida na kufika chini zimekuwa kama sisimizi. Bega lilianza kuuma 2018. Mwandiko kusinyaa ni dalili, tena inajulikana sana, na ilikuwa imelala kabatini miaka miwili kabla hatujatafuta dawa ya kuchua. Kijana wa Same, mwambie baba mdogo aandike mistari mitano, ulinganishe na barua yake ya zamani.

NesiMstaafu

Hilo la daftari nitalisema kwenye kila semina nitakayoalikwa.

Nimeulizwa faraghani kama kuna jipya. Kuna utafiti mkubwa unaoitwa TraPCAf unaofanyika nchi saba za Afrika, Tanzania na Kenya zimo. Na 2023 watafiti walitangaza tofauti kwenye jeni moja, iitwayo GBA1, inayohusiana na ugonjwa huu kwa watu wenye asili ya Afrika, na kwa wengine karibu haipo. Kwa miaka mingi yaliyojulikana yalitoka kwa wagonjwa wa Ulaya na Marekani, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 wagonjwa duniani ni zaidi ya milioni 8.5. Hayo si ya kumsaidia mtu kesho asubuhi, lakini mgonjwa anayeuliza "na sisi tunahesabiwa?" ajibiwe ndiyo.

La kesho asubuhi ni mazoezi. Hayana gharama. Kutembea hatua ndefu huku unahesabu kwa sauti, kunyoosha mgongo ukutani, kusoma gazeti kwa sauti kubwa ili koo lisilale. Mwenye kupaliwa na chakula aketi wima, tonge dogo, asiongeleshwe anapomeza. Akiamka asubuhi akae ukingoni mwa kitanda kwanza ndipo asimame.

BintiFundi

Wakuu, narudi baada ya siku nne. Nimefanya nilichokuwa naogopa. Jumapili nilikaa na baba nikamsomea uzi huu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na nilichoandika juu yake na basi lile. Nilipofika hapo aliniwekea mkono begani, akasema endelea.

Alimsikiliza sana dada wa arobaini na moja. Akaniagiza nimwambie asifiche muda mrefu, kuficha kunachosha kuliko ugonjwa, ila achague mmoja wa kuanza naye. Kisha akasema yapo maswali yake ambayo hakuna hata mmoja humu aliyeyagusa, niyaandike. Kwanza, kwa nini miguu inaganda mlangoni na si uwanjani? Pili, mama yenu anachoka, yeye anaelezwa na nani? Hilo la pili sikuwa na jibu. Mama hajawahi kuingia kwenye chumba cha daktari hata mara moja, hubaki nje na kikapu. Kliniki ijayo ataingia.

La kwanza alilijibu mwenyewe. Ipo hali miguu inakuwa kama imegundishwa sakafuni, hasa mahali pembamba, mlangoni au pa kugeukia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia macho yakipata mstari wa kuvuka, mguu unanyanyuka. Baba akachukua futi yake, akapima hatua yake ya kawaida, inchi kumi na sita, akachora kwa chaki ya fundi mistari minne pale mlango wa sebule na mitatu mlango wa choo. Nimemwona kwa macho yangu. Anafika, anaganda, anatazama chini, anavuka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ameshapita.

Tatizo mama anapiga deki kila asubuhi na mistari inafutika, na baba anainama kuichora upya, na kuinama kwenyewe ni hatari. Tumekubaliana ichorwe kwa rangi. Sakafu ni ya saruji nyekundu, ya zamani, imeshang'aa kwa nta. Mwenye uzoefu wa rangi isiyobanduka kwa maji ya deki na isiyoteleza, naomba jina lake, Jumamosi napanda.